Kable moja ya shaba, miezi ngapi ya kasho?

Siku ya posho, kuanzia saa mbili ya asubui, ba mama wanapanga mustari mbele ya mulango ya gereza. Kila mumoja na kitunga yake: bukari ndani ya sahani yenye kufunikwa, sombe, samaki ya kukauka, mara ingine dawa ya malaria na kipande cha sabuni. Mwenye kula muzuri ndani ya kasho ni ule mwenye kuwa na mutu inje. Sisi wa sendika tunajua ile mustari, maana kila mara tunakutamo bibi ya mufanyakazi mwenzetu, na akituona anageuza uso kwanza, juu ya haya.

Mwaka uliopita mumoja kati yao hakugeuza uso. Alitufuata mpaka kwa barabara. «Ba papa wa sendika,» alituambia, «bwana yangu iko humu toka mwezi wa tatu. Banasema ataingia ku tribinali, kisha banarudisha siku. Mi siyajua kama alikosa ao hakukosa. Nataka tu juji aniambie ni miezi ngapi, nijue kuhesabu.»

Nijue kuhesabu. Ile neno tulirudi nayo ku biro na tuliikalia siku mingi.

Bwana yake alikuwa sudere, miaka 8 ku kazi, hajakuwa hata na barua moja ya kukaripiwa. Walimukamata pamoja na mwenzake juu ya kable ya pompe ya zamani, metre makumi ine hivi, yenye ilikutwa chini ya magunia ndani ya motokari. Mwenzake alisema njo ye aliikata. Sudere alisema hakujua kitu. Kazi yetu haikuwa kutafuta nani anasema kweli, ile ni kazi ya tribinali. Lakini tulifuata ile kesi mpaka mwisho, na mwisho wake njo unatufanya tuandike hii leo.

Sudere alikaa miezi 7 mbele ya kuhukumiwa. Siku ya hukumu, tribinali ilimupatia miezi 6. Akatoka ile siku ile, maana sheria inasema kila siku mutu alilala mu kasho mbele ya hukumu inapashwa kuhesabiwa yote kwa azabu yake. Hesabu ni sawa. Tu, alitumikia mwezi muzima wenye hakuna mutu alimuhukumia. Mwenzake, dosie yake ilitenganishwa, ikapita siku ingine, mbele ya ba juji wengine, bila avoka. Yeye alipata miaka 3. Kable ni moja, motokari ni moja, usiku ni moja.

Watu wengi ku cité walisema palepale: feza ilipita. Sisi hatuna alama ya kusema vile, na hatutasema. Kwa kweli jambo liko baya zaidi kuliko feza, maana hukumu yote mbili ilikuwa ndani ya sheria. Tuangalie ile sheria yenyewe.

Code pénal tunayotumia ni dekre ya tarehe 30 Januari 1940. Wamebadilishamo mambo mingi toka wakati ule, lakini mifupa ni ileile. Wale wanaokumbuka historia ya wafanyakazi wa Katanga wajue tu kama ile sheria ilikuwa na mwaka moja na miezi kumi wakati askari walipiga masasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma hapa Élisabethville, Desemba 1941. Hata jina ya azabu ni ya wakati ule: karatasi ya hukumu haisemi «prison», inasema «servitude pénale», na servitude maana yake ni utumwa. Juu ya wizi bila kupiga mutu na bila kumutisha, ile sheria inasema: servitude pénale ya miaka 5 kwa wingi, na amande, ao moja tu ya izo mbili. Musome tena muzuri. Kwa wingi ni miaka 5. Kwa uchache, servitude pénale inaanza kwa siku moja. Na juji anaweza kuacha kasho kabisa na kupana amande peke.

Na mutu asifikiri kama kwa mabwe ya mine kuko sheria ingine yenye kupima muzuri zaidi. Code minier ya 2002, yenye ilibadilishwa mu Marsi 2018, inapofika kwa wizi wa minere na kwa mwenye kupokea minere ya wizi, inaturudisha kwa vipengele vya code pénal. Kwa hiyo gunia moja ya heterogenite na kuku ya jirani vinapimwa ku kilo moja.

Kati ya siku moja na miaka 5, nani anasaidia juji kupima? Sheria inamupatia neno moja tu, «circonstances atténuantes», ni kusema mambo yenye kupunguza uzito wa kosa: kama ni mara ya kwanza, kama mutu alirudisha kitu, kama iko na watoto, kama alisema kweli. Juji akiyaona, anaweza kushuka mpaka fasi yenye anataka. Asipoyaona, hakuna mutu wa kumulazimisha. Sasa, nani anamuonyesha? Avoka. Na mwenye hana avoka, anasimama pale na mikono nyuma, anajibu «ndiyo, bwana juji», na yote yenye ingemusaidia inabakia ku nyumba pamoja na bibi yake.

Tunajua wengine wanaosoma huku wamekasirika tayari. Hata ndani ya komite yetu tulibishana mpaka usiku. Muzee mumoja, mwenye alifanya chini ya udongo tangu wakati ya Gécamines, alituuliza: «Munataka kutetea mwizi?» Akatukumbusha jambo lenye hatuna ruhusa ya kusahau. Kable ya pompe si kitu ya kuuzisha tu. Pompe ikisimama, maji inapanda. Kable ya ventilateri ikikatwa, wale wako chini wanakosa hewa. Mutu anakata kable yenye moto ya courant na kesho yake mwenzetu anaigusa. Ule muzee alizika wenzake, na hatuwezi kumwambia wizi ni kitu kidogo.

Lakini tulimujibu hivi: muzee, kama kable ya ventilateri inaweza kuua, basi sheria ingepashwa kuitenganisha na kable ya zamani yenye kutupwa nyuma ya atelier. Leo haitenganishe. Mwenye aliweka maisha ya watu 60 mu hatari anaweza kutoka na miezi 6, na mwenye aliokota chuma ya kutupwa anaweza kupata miaka 3. Kupima vile hakulinde mutu hata mumoja chini ya udongo. Muzee alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi muandike vile.» Tunaandika.

Sasa ile miezi ya mbele ya hukumu. Hapa njo maumivu mingi iko, na hapa njo sheria yenyewe inasema vizuri kuliko watu wanavyofanya.

Constitution ya tarehe 18 Februari 2006 inasema uhuru njo kawaida, kufungwa ni jambo la pekee. Inasema polisi hawana haki ya kushika mutu zaidi ya saa 48 bila kumufikisha mbele ya mukubwa wa sheria. Inasema tena mutu anapashwa kuambiwa palepale sababu ya kukamatwa, na aambiwe kwa luga yenye anasikia. Hawakuandika «kwa Kifransa», waliandika luga yenye anasikia. Mutoto wenu akikamatwa na akipewa karatasi ya kusinya yenye hajui kusoma, iko na haki ya kusema: munielezee kwa Kiswahili kwanza. Na iko na haki ya kuita jamaa na avoka palepale, hata kesho ni mbali.

Kisha pale, procédure ni ya dekre ya tarehe 6 Agosti 1959. Mutu wa parke anaweza kumuweka mutu chini ya mandat, lakini kisha siku 5 anapashwa kumupeleka mbele ya juji. Juji akikubali, ni siku 15. Kisha inaweza kuongezwa mwezi moja, na tena mwezi. Lakini kwa kosa lenye azabu yake ni miezi 6 na kupita, haiwezi kuongezwa zaidi ya mara tatu kwa kufuatana, mpaka juji aikubali mbele ya watu wote, mu audience ya wazi. Ile sheria ya 1959 yenyewe inaita kufungwa kwa namna ile «mesure exceptionnelle».

Ku karatasi, basi, kila mwezi kuko mutu anapashwa kujiuliza: huyu, tumubakishe humu juu ya nini? Ku mufano ya sudere wetu, tuliomba kuona karatasi za kuongeza. Tulikuta mbili. Kwa ingine miezi, hakuna mutu aliandika kitu. Alibakia ndani juu hakuna mwenye alisema atoke. Tulipouliza, mutu wa biro (hatutaji biro, haifaidie) alitujibu kwa upole: «Ba juji ni kidogo, dosie ni mingi.» Ni kweli, tulihesabu mafaili ku meza yake, ilifika mpaka ku dirisha. Lakini mwenye kulipa ile ukosefu wa ba juji si serikali, ni mama mwenye kitunga.

Na ku kazi? Wengi hawajui kama code du travail ya 2002 inaweka kufungwa kwa mufanyakazi kati ya mambo yenye kusimamisha kontra kwa muda. Kusimamisha, si kuvunja. Kontra inalala. Lakini sudere alipotoka, alikuta jina yake imefutwa ku pointage na mutu mwingine iko na mashini yake ya kusudere. Ile kesi iko ku inspection du travail na bado hatujapata jibu, kwa hiyo hatusemi mingi. Tunasema tu: mutu wenu akikamatwa, muje kutuona ile siku ile, na mulete kopi ya kontra. Kisha miezi 7 kazi yetu inakuwa nguvu zaidi.

Kwa ule mwingine, wa miaka 3, tulichelewa kabisa. Appel inafanywa ndani ya siku 10 toka hukumu isomwe. Siku 10! Alikuwa anafikiri iko na wakati, maana mutu moja ndani ya gereza alimwambia appel inaongeza azabu na ni heri kunyamaza. Siku ya 16 njo ndugu yake alikuja kwetu.

Watu wakubwa wanajua ile hesabu ya siku. Wote tulifuata ku radio ile kesi ya Kinshasa juu ya programme ya siku 100: mu Juni 2020 directeur de cabinet wa Rais alipata miaka 20 ya travaux forcés, mwaka wa kufuata ku appel ikashuka kuwa miaka 13, Cour de cassation ikavunja ile hukumu, na mu Juni 2022 akatoka bila kosa. Hatubishane na hukumu ya mwisho. Tunaonyesha tu kama hukumu ya kwanza haikuwa mwisho wa njia, na kama mwenye kuwa na ba avoka alipita kila mulango mpaka ya mwisho. Mwenzetu wa kable hakupita hata mulango moja.

Mwenye hana feza ya avoka asiseme hakuna njia. Ku kila barreau kunapashwa kuwa biro ya consultations gratuites, na bâtonnier anaweza kutuma avoka bila malipo. Tunajua wengine wanakuja bila kusoma dosie. Hata vile, avoka mwenye kuandika appel siku ya 9 ni bora kuliko avoka mukubwa wa siku ya 16.

Kufungafunga watu kumetufikisha wapi? Makala, Kinshasa, ilijengwa kwa watu 1 500. Usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, wakati watu walijaribu kutoka, ilikuwamo zaidi ya 12 000, na wengi wao walikuwa bado kuhukumiwa. Serikali yenyewe ilihesabu wafu 129. Kisha ile majuma, zaidi ya wagonjwa 1 600 waliachiliwa, na mu Novemba 2024 kulikuwa mukutano mukubwa, états généraux de la justice. Tulisikia maneno ya muzuri. Lakini tusisahau kama ule mwaka ule, mu Marsi, ministère ya sheria ilikuwa imetoa circulaire ya kurudisha kutimiza azabu ya kifo, yenye ilikuwa imesimama tangu 2003. Mukono moja inafungua mulango, ingine inakaza.

Na ile circulaire inagusa watoto wetu, hata kama watu wengi walifikiri ni mambo ya askari na ya vita kule mashariki. Ndani ya code pénal, wizi wa silaha ni azabu ya kifo. Juji anaweza kushusha kwa circonstances atténuantes, ndiyo, na mara mingi anashusha. Lakini vijana wanaoingia usiku ndani ya concession na panga ao barre à mine wanafikiri ni chombo ya kuchimba tu. Gardien akiumizwa, ile chuma inabadilika jina mbele ya tribinali. Tuwaambie ku nyumba, mbele ya wengine kuwaambia.

Kwa watoto wenyewe, wale wa kuosha mabwe ku mito, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 iko wazi: mwenye hajatimiza miaka 14 hawezi kuhesabiwa kuwa na kosa la azabu, na mwenye hajatimiza 18 anapelekwa kwa juji wa watoto, si ku kasho ya wakubwa. Muchunge attestation de naissance. Mutoto bila karatasi anakuwa na miaka yenye OPJ anaona ku uso.

Kuko fasi zingine walijaribu njia tofauti. Zimbabwe, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, kwa makosa madogo tribinali zinaweza kumuambia mutu afanye kazi ya bure kwa faida ya watu wote, ku hospitali ao ku shule, na alale ku nyumba yake. Mu Novemba 1997 inchi mingi za Afrika zilikutana kule Kadoma kuongea juu ya ile njia. Kadoma ni muji wa mine kama yetu, wa zahabu. Ufaransa wanayo tangu 1983, wanaita travail d'intérêt général. Sudere mwenye angetumikia miezi 6 kwa kusudere vitanda vya maternité na madirisha ya shule, angekula ku nyumba yake, watoto wangeona azabu ya baba yao na mwisho wake. Na maternité ingekuwa na vitanda. Muzee wa komite, tulipomuambia hii, aliuliza kama mutu wa kable ya ventilateri naye atapelekwa kusudere vitanda. Hapana. Kwa ule, sisi pia tunataka kasho.

Tena kuko libération conditionnelle. Sheria inasema mwenye ametimiza robo ya azabu yake, na amepita miezi 3 ndani, anaweza kuomba kutoka kwa masharti. Kwa miaka 3, robo ni miezi 9. Lakini ruhusa inatoka kwa ministre wa sheria, Kinshasa. Dosie ya mutu wa Lualaba ao wa Haut-Katanga inapanda ndege, kama inapanda. Tuliandika barua kwa ba députés wa province zote mbili tukiomba wapeleke jambo moja: ile ruhusa ishuke ku mikono ya juji wa hapa karibu, mwenye anaweza kumuita mutu, kumuangalia, kuuliza directeur wa gereza. Na tukaongeza ya pili: tribinali ya kila province iandike mizani yake, ijulikane wizi wa kitu cha usalama wa watu ni kiasi gani, wizi wa kitu cha kutupwa ni kiasi gani, ili ba juji wawili wasiwe mbali miaka miwili na nusu juu ya kable moja. Députés wawili walijibu. Mumoja alitaka tumuletee mifano, na tunakusanya: mwenye kuwa na kopi ya hukumu ya wizi ya mine, hata ya zamani, atuletee ku biro siku ya tatu ao siku ya tano kisha saa tisa. Tutaficha majina.

Mwenzake wa sudere ametimiza miezi 9 mwezi uliopita. Dosie yake ya libération conditionnelle iko tayari, na avis ya gereza ni muzuri. Bibi ya sudere, ule wa «nijue kuhesabu», njo alituletea picha mbili za passport zenye zilikosekana. Bado anakuja kwa ile mustari ya siku ya posho. Sasa anabeba kitunga ya ule mwingine, maana bibi yake alirudi kijijini na watoto.